Albamu hazinunuliwi tena, sasa hela ya muziki inatoka wapi?

Siku hizi msanii wa Bongo akizindua albamu ukumbi unajaa, mastaa wanapiga picha kwenye zulia jekundu, MC sauti imemkauka, halafu shabiki akiuliza "naipata wapi" anaambiwa linki ipo kwenye bayo. Hamna kanda, hamna sidii, hamna kava la kushika mkononi ukasoma nani kapiga gitaa na nani kaitikia. Na bado watu wanatoa albamu, tena kwa gharama kubwa. Kwahiyo mtu ana haki ya kuuliza, kama hakuna anayenunua, hela inatoka wapi? Jibu lipo ila limesambaa kwenye mahesabu mengi madogo madogo, na ukiyafuatilia kwa utulivu utaona kuna kitu kimoja kinajirudia toka enzi za kanda mpaka leo: anayekula vizuri kwenye muziki ni yule anayeshika daftari la hesabu.

Tuanze na kanda. Mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili njia ya msanii wa bongo fleva ilikuwa inaeleweka. Unarekodi nyimbo nane au kumi, labda kwa P-Funk pale Bongo Records au kwa Master Jay pale MJ, wimbo mmoja au miwili unaipeleka redioni ikutangaze, halafu unabeba masta yako, yani rekodi halisi ya kurudufia, unashuka nayo Kariakoo kwa wasambazaji. Hawa walikuwa wafanyabiashara wa jumla, wana mtaji, wana mashine za kurudufu na wana wateja mikoani, kwahiyo wao ndo walikuwa wanachapa kava, wanarudufu kanda na kuzisambaza mpaka Mwanza, Mbeya, Songea. Wewe unapewa hela ya mkupuo ukaondoka, au mnapatana kiasi fulani kwa kila kanda itakayouzwa.

Hapo kwenye "kila kanda itakayouzwa" ndo palikuwa na mtihani mzito, kwasababu msanii hakuwa na njia yoyote ya kujua zimetoka ngapi. Mashine si zake, duka si lake, lori la mikoani si lake, yeye anaambiwa tu zimekwenda elfu kadhaa na nyingine zimerudi, akubali au akatae ni juu yake. Ndo maana COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, ambayo ilizaliwa kutokana na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, ikaja na stika ya hakigramu, wazo likiwa kwamba kila nakala halali ibandikwe stika na stika zinahesabika. Wazo zuri kabisa, ila stika inamsaidia msanii pale tu ambapo mnunuzi anajali kuitafuta, na mnunuzi wa Manzese au Kirumba alikuwa anatafuta kanda inayopiga vizuri kwa bei anayoiweza, basi.

Watu wengi wanaongelea kipindi hicho kama ndo ulikuwa mwanzo wa muziki wetu, lakini ukirudi nyuma kidogo unagundua kuuza nakala kulikuwa kipindi kifupi tu cha kupita. Kabla ya hapo bendi zilikuwa zinarekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, tepu zinabaki maktaba ya redio, na bendi inapata malipo kidogo pamoja na kusikika nchi nzima. Kuishi waliishi kwa dansi, na wengi walikuwa na mwajiri kabisa. NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa JUWATA halafu OTTU na leo tunaijua kama Msondo Ngoma, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 na ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, na mlangoni kulikuwa na kiingilio. Waliotaka sahani za santuri zenye biashara ya maana walilazimika kuangalia Nairobi, kwenye makampuni na mitambo, na ndo maana ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walihamia huko na Simba Wanyika yao ikawa bendi kubwa ya Kenya. Kwahiyo mtu akisema "muziki umekufa kwasababu sidii haziuzwi" nadhani anasahau kwamba wazee wetu walipiga muziki mkubwa kabisa bila kutegemea kuuza nakala hata moja.

Sasa nini kiliua nakala? Kwanza ni sidii yenyewe. Kanda ukiirudufu sauti inachoka, inabidi ukae dakika sitini kusubiri, na ukirudufu kutoka kwenye iliyorudufiwa unabaki na mvumo. Sidii ukiikopi kwenye kompyuta inatoka ileile na ni dakika chache. Halafu ikaja MP3, ambapo sidii moja ya barabarani ilikuwa inabeba nyimbo mia na zaidi, wasanii wote wa mwaka ule ndani ya sahani moja kwa bei ya soda na chapati, sasa nani atanunua albamu ya mtu mmoja yenye nyimbo kumi? Serikali nayo ikaleta kanuni za stempu za kodi kwa bidhaa za muziki na filamu mwaka 2013, kila nakala iwe na stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, lakini kufikia hapo vijana walishahamia kwenye flashi na memori kadi, na kwenye wimbo ulioko ndani ya simu huwezi kubandika stempu.

Duniani mambo yalikuwa hayohayo kwa kiwango kikubwa zaidi. Napster ilianza Juni 1999, watu wakawa wanapeana nyimbo bure kwenye intaneti, na mwaka huohuo ndo mauzo ya muziki uliorekodiwa yalikuwa kileleni. Baada ya hapo yakaanza kushuka, yakashuka kwa miaka kama kumi na tano. Apple wakafungua duka lao la iTunes mwaka 2003 wakauza wimbo mmojammoja kwa senti 99 za dola, na hilo nalo likaipiga albamu, kwasababu mteja aliyekuwa analazimika kununua nyimbo kumi na mbili ili apate mbili anazozipenda sasa ananunua hizo mbili tu. Tower Records, maduka makubwa ya muziki ya Marekani, yakafilisika 2006. Kilichokuja kuinua hela tena ni striming, yani kusikiliza moja kwa moja mtandaoni bila kununua nakala. Mwaka 2024, kwa takwimu za IFPI ambalo ni shirikisho la kampuni za kurekodi duniani, tasnia iliingiza dola bilioni 29.6 na karibu asilimia 69 ya hizo zilitoka kwenye striming. Kwahiyo hela ipo na ni nyingi, swali ni jinsi inavyogawanywa.

Hapa tukae kidogo maana ndo watu wengi wanapopotea. Wengi wanaamini apu za striming kama Spotify au Boomplay zina bei maalum kwa kila usikilizaji, yani wimbo ukisikilizwa mara moja kuna kiasi fulani kinaingia. Haiko hivyo. Kwa utaratibu unaotumika zaidi, hela ya waliolipia ndani ya nchi moja kwa mwezi mmoja pamoja na ya matangazo inawekwa kwenye chungu kimoja, apu inachukua sehemu yake, mara nyingi kwenye asilimia 30, na iliyobaki inagawanywa kwa wenye nyimbo kulingana na nani kasikilizwa sana. Tuseme kwa mfano chungu cha nchi yako mwezi huu kina shilingi milioni 100. Inabaki milioni 70 ya kugawa. Nyimbo zote nchini zimesikilizwa mara milioni 20, kwahiyo kila usikilizaji unaangukia shilingi 3.5. Wimbo wako umesikilizwa mara 200,000, umeingiza shilingi 700,000. Unaona sio mbaya, mtu unaanza kupanga.

Ila bado haijakufikia. Kampuni iliyokuwekea wimbo mtandaoni ina mkataba wa asilimia 15, inakata 105,000, zinabaki 595,000. Wimbo ni kolabo mlikubaliana nusu kwa nusu, yako ni 297,500. Prodyuza wako mlimuahidi asilimia 20 ya mgao wako, toa 59,500, unabaki na 238,000. Meneja naye ana asilimia 20, toa 47,600. Mkononi ni 190,400, kwa wimbo ambao umesikilizwa mara laki mbili na ambao mtaani kila mtu anakwambia "kaka umetoboa". Na hapo nimechukulia kwamba kila mtu kaandika makubaliano, hakuna advansi (hela uliyotangulizwa) unayodaiwa, na haki za utunzi sijazitenganisha na za rekodi, maana hizo ni haki mbili tofauti na zinalipwa kwa njia tofauti. Ukiwa na lebo iliyokulipia studio, video, nguo na nyumba, mara nyingi mgao wako unaanza kwanza kulipa gharama hizo kabla hujaona kitu, kwahiyo unaweza kuwa na wimbo mkubwa nchi nzima na taarifa yako ya mwezi ikasoma unadaiwa.

Kuna na kingine. Toka 2024 Spotify hawalipi wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili. Kwa msanii mkubwa hiyo ni hesabu ya dakika chache, ila kwa kwaya ya kigango au kijana wa Kigoma anayeanza, hela yake ndogo inaingia kwenye chungu cha wengine. Wao wanasema ni senti ambazo zisingemfikia mtu hata hivyo, na kihesabu wana hoja, ila mimi naona ni mlango umefungwa kwa watu walewale ambao intaneti iliwaahidi kwamba milango imefunguliwa.

Jambo la chungu cha nchi linaeleza pia kwanini wasanii wetu wanahangaika na kolabo za nje. Chungu cha Tanzania ni kidogo kwasababu wanaolipia ni wachache na bei imewekwa chini ili watu waiweze, chungu cha Norway au Marekani ni kikubwa. Usikilizaji mmoja wa Oslo unaweza kuwa na thamani ya usikilizaji mwingi wa Tabora. Kwa hesabu za IFPI Afrika kusini mwa Sahara ilivuka dola milioni 100 kwa mara ya kwanza mwaka 2024, eneo zima hilo, nchi karibu hamsini, na takriban robo tatu ya hela hizo ni Afrika Kusini peke yake. Sasa chukua kinachobaki, toa Nigeria, toa Ghana, halafu ndo Tanzania, Kenya, Uganda na wenzetu wagawane. Ukiliona hilo unaelewa kabisa kwanini Mswahili aliyeko Muscat, Toronto au Minneapolis ni msikilizaji wa thamani kubwa hata kama ni mmoja, na kwanini msanii anakubali kuimba nusu ya wimbo kwa lugha ya wenzetu.

YouTube inafanana na hiyo kwa namna fulani. Inalipa kutokana na matangazo, kwa video za kawaida mwenye chaneli anachukua asilimia 55 ya hela ya matangazo yanayopita kwenye video yake, na tangazo linalomlenga mtu wa London linauzwa ghali kuliko linalomlenga mtu wa Mbagala. Kwahiyo watu wanapobishana mitandaoni nani kafikisha watazamaji milioni kwanza, ubishi huo haukuambii nani kaingiza hela zaidi. Lakini namba zenyewe zina kazi yake. Juni 2020 Diamond Platnumz alifikisha watazamaji bilioni moja kwa jumla kwenye chaneli yake, na namba kama hiyo ndo unaenda nayo mezani kwa kampuni ya simu au ya vinywaji ukiongelea dili la ubalozi. Watazamaji wamegeuka kuwa wasifu wa kuombea kazi, ndo maana wapo wanaozinunua, na ndo maana YouTube wenyewe mwaka 2019 waliacha kuhesabu watazamaji walioletwa na matangazo ya kulipia kwenye rekodi za video zilizotazamwa sana ndani ya masaa 24 ya kwanza.

Turudi mtaani sasa, maana hesabu zote hizo zinadhani msikilizaji ana bando. Msikilizaji mkubwa wa muziki wetu ni dereva wa bodaboda mwenye redio ndogo ya kichina yenye kitundu cha flashi, ni mama lishe mwenye sabufa, ni saluni, ni basi la kwenda Tandahimba. Huyu hapotezi MB kusikiliza wimbo uleule mara arobaini. Anaenda kwa kijana mwenye kompyuta, anatoa flashi, anasema "niwekee singeli kali kali na zile za Rose Muhando", analipa hela kidogo, anaondoka na nyimbo za mwezi mzima. Mfumo huu ni mkubwa, unafika hata palipo na mtandao wa kusuasua, na kwenye daftari la msanii hauonekani kabisa. Hakuna apu inayohesabu flashi.

Waliojaribu kukutana na huyu mtu pale alipo ndo nawaheshimu. Mdundo ya Nairobi ilikubali kwamba watu watadaunlodi bure tu, ikaweka nyimbo na miksi za madijei bure, ikapachika matangazo ya sauti humohumo na kugawana hela ya matangazo na wasanii, na mwaka 2020 ikafika hadi kuuza hisa soko la Copenhagen. Boomplay ilianza 2015 ikitoka kwa watu wa simu za Tecno, ikawa inakuja imeshawekwa ndani ya simu unayonunua, hujaitafuta ipo, na ukilipia unahifadhi nyimbo usikilize bila bando. Serikali ya Tanzania nayo mwaka 2023 ikaweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye baadhi ya vifaa vinavyotumika kurekodi na kuhifadhi kazi, na mantiki yake ni rahisi, kama huwezi kuhesabu nyimbo zinazoingia kwenye vifaa basi chukua kidogo kwenye kifaa chenyewe kinapoingia nchini halafu wagawie wasanii. Nchi nyingi za Ulaya zimefanya hivyo toka zama za kanda. Ugumu unakuja kwenye kugawa, maana unarudi kwenye swali lilelile, nyimbo za nani ndo zilizoko kwenye flashi?

Miito ya simu ndo ilikuwa mkombozi wa kwanza kabla ya apu zote hizi na watu wameisahau haraka. Mtu anakupigia, badala ya kusikia mlio anasikia wimbo, na wewe unakatwa hela ndogo kwenye salio bila kuingia popote wala kuwa na simu janja. Kenya ni Skiza ya Safaricom, na kuna wasanii wa injili na wa benga ambao hawajawahi kutrendi popote ila miito imewasomeshea watoto. Uzuri wake ni kwamba inafika kwa mtu mwenye simu ya kitochi. Ubaya ni ngazi zilizopo katikati: kampuni ya simu inachukua chake, kampuni inayoleta maudhui inachukua chake, chama cha hakimiliki kinachukua chake, msanii yuko mwisho wa foleni na hana uwezo wa kuona kilichoingia mwanzo. Kariakoo ileile, ila sasa ina mtandao.

Basi kwa jumla msanii wa leo wa kwetu anaishi kwa shoo. Tamasha kama Fiesta au Wasafi Festival, harusi za wenye uwezo, ufunguzi wa hoteli, kampeni za uchaguzi, klabu za Lubumbashi na Bujumbura, na ziara za kuzunguka kwa Waswahili wa Ulaya na Marekani wikendi kwa wikendi. Wimbo wenyewe umekuwa gharama ya kujitangaza. Ndo hapo unaelewa kiki zinatoka wapi, na kwanini nyimbo zimekuwa fupi, kiitikio kinakuja mapema, kwasababu kwenye Spotify usikilizaji unahesabiwa baada ya sekunde 30 na kwenye TikTok unahitaji kipande cha sekunde kumi na tano ambacho watu watakichezea. Mimi binafsi naumia kidogo nikikumbuka nyimbo za dansi za dakika nane, ile sehemu ya pili ambapo magitaa yanaachiwa yajibizane, ila siwezi kumlaumu kijana anayeandika wimbo wa dakika mbili na nusu wakati ndo huo unaolipa.

Na albamu? Albamu imebaki kuwa tukio. Ukitoa nyimbo kumi na saba siku moja unapata wiki nzima ya kuongelewa, mahojiano redio zote, wadhamini wa uzinduzi, sababu ya kufanya ziara, na nyimbo kumi na saba zinazokusanya usikilizaji kwa wakati mmoja badala ya moja. Diamond alizindulia A Boy From Tandale Nairobi mwaka 2018, Alikiba akatoa Only One King 2021, na kwa wote wawili albamu ilikuwa pia barua kwa soko la nje kwamba huyu ni msanii kamili, maana tuzo nyingi na waandaaji wa matamasha ya nje bado wanauliza albamu yako iko wapi.

Nakala za kushika zenyewe hazijafa kabisa, zimehamia kwa mtu mwingine. Marekani mwaka 2022 sahani za santuri ziliuzwa nyingi kuliko sidii, mara ya kwanza toka 1987, na wanunuzi wengi ni vijana ambao wana striming kwenye simu na wimbo wanausikiliza bure, wananunua kumbukumbu. Korea Kusini wanauza albamu kwa mamilioni kwasababu ndani yake kuna kadi ya picha ya mwanamuziki na hujui utampata nani. Hata kwetu ipo kidogo: Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, ukatoka na santuri kabisa, ukanunuliwa na watu wa Berlin ambao wengine hawaelewi neno moja la Kiswahili. Wafaransa wa Buda Musique nao kwa miaka wamekuwa wakitoa mfululizo wa Zanzibara wenye taarabu na muziki wa zamani wa pwani. Ni soko dogo ila linaheshimu kazi, na bei ya sahani moja inazidi usikilizaji maelfu.

Kitu ambacho ningependa kila msanii mchanga akielewe ni kwamba leo hesabu zipo. Tofauti na kanda, kila usikilizaji unaandikwa, siku, nchi, mpaka mji. Kila rekodi inapewa namba yake ya ISRC na hela inaifuata namba hiyo inakoelekea. Tatizo limehamia kwenye swali la akaunti ni ya nani. Wimbo unapandishwa mtandaoni kupitia wasambazaji wa kidijitali kama DistroKid au TuneCore au kupitia kampuni ya hapa nyumbani, na anayefungua akaunti ndo anaona taarifa na ndo anaingiziwa hela. Mara nyingi ni meneja, au rafiki aliyekuwa na kadi ya benki ya kulipia, au lebo. Msanii anaomba taarifa anatumiwa picha ya skrini iliyokatwa. Siku mkigombana unaondoka na sauti yako, nyimbo zinabaki, chaneli inabaki, wafuatiliaji wako milioni wanabaki. Karatasi moja ya mgawanyo, iliyosainiwa siku ya kurekodi kabla wimbo haujawa na thamani, inayosema mtunzi asilimia ngapi, biti asilimia ngapi, masta ni ya nani na kwa miaka mingapi, inaokoa kesi za miaka. Studio nyingi za kwetu bado hazina utaratibu huo, mnapigana tano, mnaingia kwenye kipaza sauti.

Na kama hilo ni gumu kwa vijana, fikiria wazee. Nyimbo za zamani zimekuwa mali kuliko wakati wowote, Bob Dylan aliuza haki za utunzi wake wote kwa Universal mwaka 2020, na wawekezaji wananunua nyimbo za zamani kama wanavyonunua nyumba za kupangisha. Kwetu nyimbo za dansi na taarabu za miaka ya sabini na themanini zimejaa YouTube, nyingi zimepandishwa na mtu aliyezirekodi kutoka kwenye kanda yake ya nyumbani, zina watazamaji laki na laki, kuna maoni ya watu wa Oman na Lubumbashi wanaokumbuka ujana wao, na matangazo yanapita. Rekodi nyingi zilifanyikia RTD na tepu ziko chini ya TBC, shirika la utangazaji lililoirithi RTD, watunzi wengi wameshafariki, bendi zimebadili majina na wanachama mara nne tano, mikataba haikuwahi kuandikwa.

Ili familia idai, lazima ithibitishe nani alitunga, iwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, isajili kazi COSOTA, halafu ipate msambazaji mwenye uwezo wa kuingiza wimbo kwenye ule mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, maana mfumo huo hawapewi watu binafsi wadogo. COSOTA waligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 Januari 2022, kwahiyo njia ya kugawa ipo, lakini mgao ni wa waliosajiliwa. Upande wa pili, mtu baki anayetaka kupandisha wimbo huohuo kupitia msambazaji wa mtandaoni anaweka tiki kwenye kiboksi kinachosema mimi ndo mmiliki, anabonyeza kuendelea, na kuanzia hapo hela inaingia kwake mpaka mwenye karatasi atokee.